Hema la Mlango Mmoja

Kazini kwao walimwita Mizani, na jina hilo alilipenda. Alikuwa mpokea vifurushi katika kampuni ya mizigo iliyo karibu na stesheni. Kwa jinsi alivyokaa miaka mingi nyuma ya ile kaunta ya bati, mteja akileta boksi alikuwa analiinua kidogo, analitikisa, anataja uzito wake kabla hajaliweka kwenye mashine. Mara nyingi alipatia. Akikosea, alikosea kwa kiasi cha kijiko cha chumvi, na hapo wenzake walimpigia makofi ya kumkejeli, naye akawainamia kama mwimbaji jukwaani. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na utani wake haukuwa na breki. Madereva, walinzi, wateja, hata meneja, wote walishapitiwa na ulimi wake, na karibu wote walirudi kutaka zaidi.

Wifi yake alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mume wa Mizani, mwalimu wa chekechea, hana mume, hana mtoto. Mama yao alipofariki ni yeye aliyemlea mdogo wake, akamfulia, akamsomesha, hakumwachia mkono mpaka akawa fundi wa majokofu mwenye karakana yake mwenyewe. Alizungumza kwa sauti ya chini, na ugenini angeweza kukaa na kiu kutwa nzima kuliko kumwomba mwenyeji glasi ya maji. Darasani ndiko alikochangamka. Huko aliimba, aliruka, alitambaa sakafuni na watoto, na kila mwanzo wa muhula aliwafundisha wale wadogo neno moja kabla ya a, e, i: ukibanwa usijikaze, nyoosha mkono, sema.

Wanawake hawa wawili walichelewa kupatana. Miaka mingi waliitana wifi kwa adabu tu, kwenye misiba na harusi, hawana cha kugombania wala cha kupigia soga. Kilichowaleta pamoja ni shinikizo la damu. Daktari alimwambia Mizani kwamba kukaa kwenye kile kiti kutwa kucha kutammaliza, atafute mazoezi. Wifi yake alikuwa anakwenda shuleni kwa baiskeli tangu ujana. Basi Mizani akaitoa baiskeli ya zamani ya mumewe stoo, akaipiga mafuta, na Jumapili moja wakatoka wote wawili kwenda mpaka daraja la reli na kurudi. Mizani alirudi miguu inamtetemeka, akalala sebuleni chini, kwenye sakafu, akacheka mwenyewe. Jumapili iliyofuata wakaenda tena, na mbele kidogo.

Ikawa ndiyo desturi yao. Walipokuwa njiani Mizani aliongea na wifi alisikiliza, lakini taratibu wifi naye akaanza kuongea. Alimsimulia mambo ambayo hata mdogo wake hakuyajua: bwana aliyetaka kumwoa na akamkatalia kwa sababu mtoto wa kulea alikuwa bado mdogo, na jinsi nyumba inavyokuwa kimya likizo zikianza. Mizani, ambaye hakuwahi kuwa na dada, alijikuta anaisubiri Jumapili kama mtoto anavyosubiri nguo mpya.

Wazo la kulizunguka ziwa kwa baiskeli lilikuwa la wifi. Alilisema mara moja tu, wakiwa wamekaa kwenye nyasi wanamenya machungwa. "Nimesikia kuna watu wanalizunguka lile ziwa. Wanalala kwenye hema. Wanasema asubuhi maji yanakuwa kama kioo." Kisha akaangalia pembeni, kama mtu aliyeomba kitu kikubwa mno.

"Tunakwenda," alisema Mizani papo hapo. "Likizo ya shule ikifika tu, mimi na wewe. Niachie mimi maandalizi."

Na kweli aliachiwa, hakuna aliyemwingilia. Mizani aliyafanya maandalizi yale kwa jinsi alivyojua kufanya kila kitu, yaani kwa uzito. Kila kilichokuwa kinakwenda safari kilipita mkononi mwake. Taulo zilikatwa nusu. Sabuni ilikatwa. Mswaki wake aliukata mpini ukabaki wa kushikwa kwa vidole viwili, na wifi alipokuja kumtembelea, Mizani akauomba na mswaki wake, akaukata pale pale bila kumuuliza. Mumewe alikuwa anakunywa chai pembeni. "Ukimaliza na miswaki, utakata na nywele?" aliuliza. Wote wakacheka, na wifi naye akacheka huku anakiangalia kile kipande cha mpini mezani.

Kikabaki kitu kikubwa, hema. Walikwenda wote wawili dukani Jumamosi mchana. Muuzaji alikuwa bwana mmoja mnene mwenye sauti ya kuimbia kwaya, na alielekea kuipenda kazi yake, maana hakuwaonyesha picha, aliwasimamishia mahema mawili palepale kwenye zulia. La kwanza lilikuwa la kijani. Lilikuwa na milango miwili, mmoja kila ubavu, na mbele ya kila mlango palikuwa na kibaraza cha kitambaa cha kuwekea viatu na mizigo. La pili lilikuwa la kijivu, jembamba, limechongoka miguuni, mlango wake mmoja tu wa pembeni.

"Yote ni ya watu wawili," alisema muuzaji. "Hili la kijivu ni jepesi kwelikweli, kwa baiskeli hamtalisikia. Ila wanaolala humu lazima wawe wanapendana."

Mizani aliomba mifuko ya yale mahema, akaliinua kila moja kwa mkono wake baada ya kukunjwa. Alifumba macho kidogo. "Kilo moja na ushee," alisema. "Hiyo ndiyo tofauti." Muuzaji alikwenda kupima, akarudi anatikisa kichwa kwa mshangao.

Lakini wifi alikuwa ameomba lile la kijani lisimamishwe tena. Alivua viatu, akaingia ubavu mmoja, akatokea ubavu wa pili, akasimama huku anatabasamu.

"Hili zuri, wifi," alisema. "Kila mtu na mlango wake."

"Kila mtu na mlango wake!" Mizani alidaka. "Wifi, tunakwenda kulala au kupangisha vyumba? Huo mlango wa pili wa nani? Sema tu kama kuna bwana atakuja kubisha hodi, tumfungie na kengele."

Muuzaji alicheka mpaka akaegemea rafu. Mtu na mkewe waliokuwa wanajaribu viatu nao waligeuka wakacheka. Wifi alicheka pia, lakini macho yake yalishuka kwenye zulia.

"Si hivyo," alisema taratibu. "Mimi usiku huwa..."

"Huwa unaota? Hata mimi naota, hatutagombana."

Wakacheka tena. Wifi aliinama, akavaa viatu vyake, akafunga kamba polepole. Aliposimama alikuwa ametulia. "Basi, tuchukue hilo jepesi," alisema. "Wewe ndiye unayejua uzito."

Baadaye, katika miezi mingi iliyofuata, Mizani aliirudia sentensi ile kuliko maneno mengine yote aliyoambiwa maishani. Mimi usiku huwa. Alikuwa ameisikia vizuri kabisa. Hakuweza hata kujisingizia kwamba duka lilikuwa na kelele.

Nyumbani walilisimamisha lile la kijivu sebuleni, kamba wamezifunga kwenye miguu ya viti. Mume wa Mizani alikuja na mikono yake ya grisi, akachungulia ndani, walipokuwa wamejilaza bega kwa bega.

"Dada amelala upande wa ndani?"

"Ndiyo," alijibu Mizani. "Mimi ndiye mlinzi, nakaa mlangoni."

"Na akitaka kutoka?"

"Ataniruka."

Mumewe hakucheka. "Dada hawezi kukuruka wewe," alisema. "Hata mimi mwenyewe, nilipokuwa mtoto nikilala nimemzibia njia, alikuwa anasubiri niamke."

"Basi ataniamsha! Mwache mtu na wifi yake." Na wifi, akiwa bado amelala chali, alisema, "Mdogo wangu, usijali, tutaelewana." Maneno yakaishia hapo.

Siku ya kwanza ya safari ilikuwa nzuri kiasi kwamba Mizani hataki kuisahau, hata kwa yote yaliyokuja. Barabara ilikuwa tambarare, upepo uko mgongoni, na ziwa lilikuwa linaonekana na kupotea nyuma ya miti. Wifi alitangulia. Aliimba nyimbo za chekechea kwa sauti, zile za kuhesabu vidole, na mwendesha pikipiki mmoja aliyewapita alipiga honi kuitikia. Walifika kwenye uwanja wa kambi jua likiwa bado juu. Walilisimamisha hema lao jepesi, wakala mkate na mayai, wakanywa chai vikombe kwa vikombe huku wameweka miguu majini. "Nilikuwa nadhani haya ni mambo ya watu wengine," alisema wifi.

Usiku huo Mizani alishtushwa na goti lililomtua tumboni. Alipiga ukelele. Ilikuwa wifi, amebanwa, amejaribu kumvuka gizani. "Samahani wifi, samahani sana," alinong'ona, akatoka. Mizani akageuka, akalala tena bila kuwaza lolote.

Asubuhi, pale bombani walipopanga foleni watu wa kambi na ndoo zao, Mizani alikuwa na hadithi. Na alikuwa hodari wa hadithi. Aliwaonyesha jinsi alivyoamka akidhani ameangukiwa na gunia la mahindi, akaigiza ule ukelele, akaigiza na ile samahani ya kunong'ona. "Wifi yangu huyu mnayemwona mpole," alisema, "usiku ni kifaru, amenikanyaga kama daraja!" Watu walivunjika mbavu. Vijana wawili walidondosha ndoo. Wifi alisimama na kikombe chake mkononi, anatabasamu lile tabasamu la dukani. Kisha alikimwaga kile kikombe taratibu kwenye nyasi, akaenda kufunga mizigo.

Kuanzia mchana wa siku ile hakunywa tena maji. Hapana, alikunywa, lakini ya kulowesha ulimi tu, na jua likianza kuteremka hakugusa chupa kabisa. Chai ya jioni alisema imemchosha. Usiku alilala upande wake wa ndani, ameelekea kwenye kitambaa, hajisogezi. Mizani alilala usingizi wa pono na asubuhi alimsifu: "Leo umetulia, wifi, kifaru umemwacha wapi?" Walipopakia mizigo aliziona chupa za mwenzake zimejaa karibu mpaka shingoni, na alichofikiri ni kwamba huu ni uzito unaobebwa bure. Akamwambia hivyo. Wifi akakubali, akaimwaga moja.

Siku ya tatu barabara iliacha ziwa, ikapanda. Jua lilikuwa kali, lami inanuka. Wifi, aliyekuwa akitangulia siku zote, alibaki nyuma. Mizani alisimama kwenye kona akamsubiri, akamwona anakuja anasukuma baiskeli badala ya kuipanda, amejikunja upande mmoja kama mtu aliyepigwa ngumi ubavuni. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alikuwa anatetemeka kwenye joto lile.

"Wifi, una nini?"

"Si kitu. Mgongo tu. Twende."

Alipiga hatua chache, kisha baiskeli ikamtoka mkononi, naye akakaa chini kando ya barabara, palepale kwenye kokoto, akatapika. Mizani alimgusa shingo. Alikuwa anawaka moto.

Aliyewasaidia ni dereva wa gari la maziwa. Alipanga upya madebe yake ya maziwa, akamlaza wifi kwenye kiti cha mbele, na Mizani akapanda nyuma na baiskeli zote mbili na lile hema. Njia nzima alikuwa ameushika mfuko wa hema mapajani ili usianguke, na mfuko wenyewe haukuwa na uzito wowote, kama hakushika kitu.

Kwenye zahanati mganga alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye macho ya uchovu. Alimpima wifi, akamwekea dripu, kisha akamgeukia Mizani.

"Amekuwa akinywa maji kiasi gani?"

Yeye aliyejua uzito wa kila nguo, kila kijiko, kila kipande cha sabuni kwenye baiskeli ya mwenzake, alimwambia mganga kwamba hajui.

"Na mkojo? Amekuwa akiubana?" mganga aliendelea. "Maana maambukizi yameshapanda mpaka kwenye figo. Hali hii haiji ghafla. Lazima alikuwa anasikia maumivu tangu jana, au juzi. Hakukwambia?"

"Hakuniambia," alisema Mizani, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe aliona aibu, kwa sababu yalikuwa kama ya mtu anayejitetea.

Alikaa kando ya kitanda. Wifi alipofumbua macho, jambo la kwanza alilofanya ni kuomba radhi. Alisema ameiharibu safari.

"Wifi, kwa nini hukusema?" Mizani alimshika mkono usio na sindano. "Kwa nini hukuniamsha?"

"Ungeamka vibaya. Siku nzima ulikuwa unachoka."

"Wewe unawafundisha watoto kila muhula. Ukibanwa usijikaze, sema!"

Wifi alijaribu kucheka. "Watoto hawachekani," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, bila hasira, kana kwamba anaeleza hali ya hewa: "Mimi naamka mara nyingi usiku, wifi. Ni miaka sasa. Umri huu. Nilitaka kukwambia pale dukani, lakini watu walikuwa wengi."

Usiku ule Mizani alilala kwenye benchi la zahanati, macho makavu, anaomba aweze hata kulia.

Mumewe alifika na gari la karakana asubuhi. Aliingia moja kwa moja kwa dada yake, akampiga busu kwenye paji la uso, akamwinua kichwa, akamnywesha maji kwa kijiko kama mtoto, yeye aliyewahi kunyweshwa na mikono ile ile. Kwa mkewe hakusema neno baya, si siku ile, si baadaye. Alipakia baiskeli. Alipolifikia hema alilishika, akalirusha nyuma ya gari kati ya mitungi ya gesi, akafunga mlango. Kama angemfokea, Mizani angepata pa kushika.

Wifi alipona, lakini si haraka. Alilazwa hospitali kubwa, shule zikafunguliwa bila yeye, na darasa lake likashikwa na mwalimu mwingine muhula mzima. Mizani alimhudumia kwa kila alichoweza. Alimpikia, alimfulia mashuka, alikuwa anatoka kazini na kwenda kwake moja kwa moja. Wifi alimshukuru kwa kila kitu, na shukrani ile ndiyo iliyomuumiza, kwa sababu ilikuwa imerudi kuwa ile ya zamani, ya misibani na harusini. Asante sana wifi, umejisumbua wifi, usingehangaika. Zile habari za bwana aliyekataliwa na nyumba iliyo kimya hazikuzungumzwa tena.

Siku moja Mizani alipiga moyo konde, akalipeleka lile hema la kijivu dukani, akarudi na lile la kijani. Muuzaji aliwakumbuka. "Yule mwenzako wa kengele hajambo?" aliuliza huku anacheka. Mizani alimjibu kwamba hajambo, akatoka haraka. Alikwenda mpaka kwa wifi, akalisimamisha kwenye ua wake mdogo, akamfungulia mlango wa huku na wa kule.

"Nilikosea, wifi," alisema. "Nilikucheka. Nilipaswa kukuuliza, sikukuuliza. Nisamehe."

Wifi alipitisha kiganja kwenye kitambaa.

"Nilishakusamehe palepale zahanati," alisema. "Usijitese." Kisha akakaa kwenye kigoda. "Ila mimi kulala nje tena, hapana. Hamu imeniisha. Mpe mtu atakayelitumia."

Alisema kweli kuhusu msamaha, Mizani hakuwa na shaka. Wifi hakuwa mtu wa kuweka kinyongo. Lakini mtu anaweza kukusamehe na bado asitake tena kukaa karibu nawe gizani, na hilo huwezi kumwomba alibadilishe. Alilikunja hema, akalipeleka kwa dereva mmoja wa kampuni aliyekuwa anaoa.

Kazini walianza kusema Mizani amepoa. Bado alitania, lakini mara nyingi alikuwa anaanza sentensi na kuiachia njiani, anamtazama yule anayetaniwa, macho yake yanatafuta kitu usoni pake. Jumapili aliendesha peke yake mpaka daraja la reli, na mara nyingine hakwenda.

Miezi ikapita. Mchana mmoja kaunta ilikuwa imejaa wateja, naye akainua macho akaangalia dirishani. Wanawake wawili walikuwa wanapita kwa baiskeli, taratibu, bega kwa bega. Mmoja alikuwa yule mwalimu aliyeshika darasa la wifi. Wa pili alikuwa wifi. Alikuwa amenenepa kidogo, amefunga kitambaa chekundu kichwani, na alikuwa anaongea. Anaongea sana, mkono mmoja umeachia usukani, unachora kitu hewani, na mwenzake amejipinda kwa kicheko. Wifi alimwona. Alinyanyua ule mkono akampungia, kwa furaha ya kweli, na Mizani akampungia naye mpaka wakapotea nyuma ya ukuta wa stesheni.

Jioni walikula, wakatoa vyombo. Mumewe alikuwa anakwangua grisi kwenye kucha zake kwa kisu kidogo.

"Leo nimemwona dada yako," alisema Mizani. "Anaendesha tena."

"Eeh. Ana mwezi sasa. Daktari alimruhusu."

"Hakuniambia."

Mumewe aliweka kisu chini. Alimtazama mkewe kwa huruma, na kwa kitu kingine ambacho hakikuwa huruma.

"Ungemuuliza," alisema.

Mizani alikwenda jikoni. Alifungua bomba, akaosha vyombo, na kwa kuwa vilikuwa vichache, akavirudia.